Mama wa Punda Harudi

Kaka Festo,

Jumamosi niliwapeleka wanao kuangalia filamu ya yule punda wetu. Ndiyo, yule mwenye sikio lililopinda, wa kwenye katuni. Wameitengeneza upya. Siku hizi ana manyoya kama punda wa kweli, lakini hadithi ni ileile. Nilipoona tangazo nje ya ukumbi mmoja hapa Mbeya nilifurahi kama mtoto, nikakata tiketi tatu kabla sijakumbuka kinachotokea mtoni.

Nilipokumbuka, Upendo alikuwa ameshavaa viatu.

Hujui mambo yalivyo, kwa hiyo nikueleze. Shimo la dhahabu lilipokufukia kule Chunya, wanao walipelekwa kwa jirani mpaka tulipomaliza kukuzika Ilula. Waliporudi nyumbani wakaambiwa baba bado yuko kazini. Miezi mitano sasa. Ezra ana miaka minne, jibu hilo linamtosha. Upendo ana saba. Alipokuja kwangu likizo alishuka kwenye basi amekumbatia mfuko wa nyanya, akasema ni za baba, maana ameambiwa Chunya si mbali na kwa shangazi. Kila asubuhi anazikagua. Zilizoharibika anatupa, nzima anazipanga dirishani, na hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Mkeo aliniambia kwenye simu, "Wifi, nakuomba, niachie, nitawaambia mwenyewe." Nikaahidi.

Tulikaa safu ya tatu, mimi katikati. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, nikawa natafsiri kwa kunong'ona, kama ulivyokuwa ukinitafsiria kwenye sebule ya yule mwalimu jirani yetu, tumekaa sakafuni. Kiingereza chako cha darasa la saba. Ukikwama, unatunga. Ezra alicheka mpaka bisi zikamwagika. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nahesabu: jangwa, kisima, fisi, halafu mto.

Unakumbuka ulichoniambia pale mtoni? Mama punda alichukuliwa na maji, wewe ukasema, "Kaenda kutafuta majani. Anarudi." Mama yetu alikuwa amefariki mwaka uleule. Nilikuwa na miaka sita, nikaamini, na si habari za punda tu. Nilipokuwa kidato cha pili niliiona tena, nikaelewa kila neno, nikaja kukugombeza. Ulisema, "Ulikuwa unalia sana. Nikaona angalau mama wa punda arudi." Nilikununia wiki nzima bila kukuambia sababu. Sababu ni kwamba kwa miaka miwili, kila geti lilipolia, niliinuka kwenda kumpokea mama. Nakuambia leo, umechelewa kusikia.

Maji yakaanza kupanda kwenye skrini. Maneno yako nilikuwa nayo mdomoni, mepesi, na ahadi yangu kwa wifi iliyaunga mkono. Punda mdogo akaanza kuita.

"Shangazi, anasemaje?" Upendo akauliza.

"Anamwita mama yake."

"Mama yake anarudi?"

Nikainama kuokota bisi za Ezra. Baba mmoja nyuma yetu akasema, "Dada, si umjibu mtoto tuendelee." Watu wakacheka kidogo.

"Harudi," nikasema. "Amekufa."

Upendo hakulia. Alitazama punda akivuka peke yake, akitetemeka, akipanda kilima. Filamu ilikuwa imeshaenda mbele sana aliposema, bila kunigeukia, "Na baba kafia shimoni."

Kaka, hakuwa anauliza. Alinieleza kuwa watoto wenzake walimwambia bombani, zamani. Amekaa kimya ili mama yake asilie. Nikamuuliza kwa nini basi alileta nyanya.

"Nilitaka nione kama utasema tuzipeleke."

Nilikuwa nimesema hivyo. Jumatatu, Jumatano, na asubuhi ileile. "Tutazipeleka tu, mama." Kumbe alikuwa ananipima, na kila siku nilikuwa naanguka.

"Baba amekufa," nikamwambia. "Sikukuambia ukweli. Nisamehe." Akaingiza mkono wake ndani ya mkono wa sweta langu, ukakaa humo mpaka taa zilipowashwa.

Tulirudi kwa miguu, Ezra amelala mgongoni. Nyumbani Upendo alizitoa nyanya dirishani moja moja, akaziweka mezani. "Shangazi, pika." Nikazipika na vitunguu, tukala na ugali. Kisha nikampigia wifi, nikamwambia nimevunja ahadi. Nilijiandaa kutukanwa. Akauliza, "Amekula?"

Likizo ikiisha nitawarudisha Ilula mwenyewe, na mimi na mama yao tutawaonyesha kaburi lako, Ezra naye. Nikisha kuwaambia ukweli wote nitawasimulia na ule mwisho wako wa punda, na kwamba uliutunga kwa ajili yangu.

Pumzika, kaka. Geti likilia sasa, ni upepo tu, na ninaendelea na kazi zangu.

Mdogo wako,
Lusia