Simu za Saa Tatu kwa Mnene

Mwaka umetimia leo, Mama Watoto, tangu utuage pale hospitalini, majira yaleyale ambayo baridi imeisha, maji yamepata joto na jodari wamerudi. Hata kuondoka ulichagua msimu wao. Watoto wameniomba nisiandike neno wivu humu. Nimewaambia hili ni tangazo la familia, baba yao ni familia, na baba yao ana wivu.

Wewe ulikuwa nahodha, unawapeleka wateja mbali baharini wakapimane nguvu na jodari kwa mshipi. Mimi ni fundi cherehani, na bahari hainitaki. Ulinipandisha botini siku moja tu, nikatapika kabla hata hatujafungua kamba ya mwisho. Ulinishika paji la uso huku unacheka mpaka machozi, kisha ukanishusha. Tangu hapo mimi nikawa mtu wa kusubiri gatini.

Tunakumbuka wema wako. Mteja mzee akizidiwa na samaki, ulimshika kiuno asianguke, lakini fimbo yake ya kuvulia hukuigusa. Ulisema, "Samaki ni wake, mimi nashika mtu." Jodari wadogo uliwarudisha majini ukiwaambia, "Nendeni mkakue, mje na mama zenu."

Tunakumbuka na wizi wako pia. Kila msimu ulipogeuka, vipande vyangu vya satini vilipotea karakanani. Ulivikata nyuzi nyuzi ukazifunga kwenye ndoano ziwe chambo. Siku moja nilitafuta mkanda wa gauni la bibi harusi nikapekua kila mahali, kumbe umeshavaliwa na ndoano na umeshamezwa na jodari wa kilo sitini. Nilifoka weee! Ukanijibu, "Mume wangu, samaki amekufa amependeza."

Ukiwa baharini ulikuwa wa jodari, si wangu. Nisikufiche, niliwaonea wivu samaki.

Uliniwekea redio ya boti karakanani ili nishone huku nakusikia. Manahodha wote ni waongo msimu wa jodari, lakini wewe ulikuwa mwongo kuwazidi. "Huku kukavu kabisa, hata ndege wa kuonyesha samaki hakuna," ulikuwa unawaambia, na nyuma yako nasikia mteja anapiga kelele kwamba amenasa. Nilicheka peke yangu mpaka sindano inakwenda kombo. Nilijua hakuna anayeambiwa ukweli, basi sikuona vibaya na mimi kutoambiwa.

Mpaka asubuhi ile ulipoacha simu mezani ukaenda kuoga. Sikuwa napekua, wallahi. Iliwaka tu, nikaitazama, kisha nikaendelea kuitazama mpaka kwenye orodha ya simu ulizopiga. Kila siku uliyokuwa baharini, saa tatu asubuhi, simu yako ya kwanza ilikwenda kwa Mnene. Nahodha Mnene wa boti nyekundu, ambaye ni mwembamba kuliko uzi wangu. Mimi mumeo nilikuwa napigiwa saa nane, niulizwe kama unga upo.

Roho iliniuma, Mama Watoto. Nilijiambia nitakuuliza msimu ukiisha, nisikuvuruge kazini. Wiki hiyohiyo Mnene akaja kushonesha suruali. Nilimbana inchi mbili kiunoni makusudi. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Imenikaa, shemeji." Na wewe msimu hukuumaliza. Ulianguka jikoni, siku tisa baadaye tukakuzika, na swali langu nikabaki nalo mwenyewe.

Nimelala nalo mwaka mzima. Mnene alikuwa nani kwako? Watoto waliposema jina lake liwekwe kwenye tangazo hili, niligoma. Nikasema kwanza nijue.

Basi wiki iliyopita nilikwenda gatini. Nilimkuta anaosha boti.

"Karibu, shemeji."

"Shemeji wa wapi? Nimekuja na swali moja, na usinizungushe. Mke wangu alikuwa anakupigia simu ya nini?"

Akafunga bomba. Akafuta mikono.

"Ya jodari. Alikuwa ananiambia walipo."

"Wenzako wote anawadanganya, wewe unaambiwa?"

"Mimi tu."

"Kwa lipi ulilonalo?"

"Kwa boti yenye mwendo. Alisema wewe huli wala hulali ukimfikiria yuko peke yake kule. Akaniambia, 'Nitakupa samaki wangu, wewe nipe ujirani. Kaa mahali ninapokuona.' Misimu kumi na moja nimekaa. Mara mbili injini yake ilizima, nikamvuta."

Mara mbili! Na mimi nilikuwa naambiwa umechelewa kwa sababu ya wateja.

"Mbona hakuniambia?"

"Ungemwacha atoke tena?"

Unajua jibu langu, kwa maana ufunguo wa boti niliwahi kuuficha kwa sababu ya upepo mdogo tu. Nahodha hatoi mahali pa jodari hata kwa ndugu yake wa tumbo moja. Wewe ulimpa mtu baki, miaka yote hiyo, ili mume mwoga arudishiwe mkewe salama. Nilikaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa nikalia mbele ya watu.

Nisamehe kwa niliyokuwazia. Lakini usidhani wivu umekwisha, ndiyo kwanza umepata nguvu. Nilimwuliza, "Akinasa samaki alikuwaje?" Akaniambia ulikuwa unapiga mguu chini mara tatu. Ulikuwa unamwita jodari "mjomba." Ulikuwa unaimba, tena vibaya, na mkono mmoja kiunoni. Miaka ishirini na sita ya ndoa sijakuona hivyo hata siku moja. Mimi nilikuona ukirudi umechoka, unauliza chai. Alinisimulia mpaka wateja wake wakaja, na kesho yake nikarudi aendelee.

Wanaokukumbuka ni mumeo. Binti yako mwalimu na mumewe. Mwanao fundi umeme. Mama yako mzazi. Dada zako wawili. Wajukuu zako watatu, mmoja hukumwona. Na Mnene, jirani yako wa baharini, ambaye nimemwandika kwa mkono wangu.

Siku zote utakuwa nasi, Mama Watoto. Mnene ana mengi ya kukukumbukia kuliko mimi, na hilo linaniuma.