Mama Mkwe Anadhani Mreno Ndiye Aliyempiga Risasi

Dada Magreth wa gazetini, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za mkulima. Naomba msaada wako, lakini kwanza unijue: mimi ni mtu wa bahati kuliko wote hapa bondeni kwetu Ruvuma, nimefika Tanga kwenye mkonge, nimefika Mombasa nikarudi na viatu, shule niliiacha darasa la tatu maana niliona nimeshajua, na tangu nikabidhiwe bunduki ndogo ya kijiji, ile ya risasi kama punje ya hindi, sijapoteza risasi hata moja, kila nikifyatua ngedere anaanguka, watu ni mashahidi.

Sasa dada, Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye mpunga, maji bado yamesimama majarubani, ngedere yuko ukingoni anakula, nikachuchumaa, nikalenga, nikafyatua, ngedere akanitazama tu, na risasi ikagonga maji ikalia ziii kama nyuki mwenye hasira, mimi nikajua imezama, maana chuma kikiingia majini si kinazama? Hatua mia mbili kule alikuwapo mama mkwe wangu, bibi Mwanakombo, juu ya dungu lake la miti akiamia ndege wasile mpunga, anapiga debe, mara debe likanyamaza na nikasikia sauti yake: "Nimekufa jamani, Mreno huyo." Nikakimbia mpaka nikafika, nikamkuta mzima, debe liko mapajani lina tundu, risasi imebaki ndani inacheza, nami ulimi ukanitangulia: "Lala chini mama, wanapiga kutoka ng'ambo."

Dada, neno hilo moja limekula kijiji. Vita vya Mreno na wapigania uhuru ng'ambo ya mto vipo kweli, mizinga tunaisikia, nani asingeamini? Leo siku ya nne wanawake hawashuki bondeni, ndege wanakula mpunga kwa raha zao, mgambo wanachimba mahandaki, na mjumbe wetu Athumani amenishika bega mbele ya watu, "Ismaili, wewe ndiye jicho letu," nikapewa kulinda mto kwa kibunduki hikihiki. Mtu mmoja akauliza mbona risasi ya Mreno ni ndogo hivi, mkwe akamjibu, "Ungeipokea wewe mapajani ungeiona kubwa." Na mke wangu Asha ananitazama kwa jicho la pembeni: "Ulitoka na risasi tano, umerudi na nne, ngedere yuko wapi?" Nikisema kweli, mkwe atachukua binti yake na kijiji kitachukua bunduki yake. Nikinyamaza, mpunga unakwisha na watu watalala njaa. Nifanyeje?

Na ile bahati niliyoandika juu ni uongo. Nimeshapiga risasi kumi na nane, nimeua ngedere mmoja, naye alikuwa mgonjwa.

*

Bwana Ismaili (majina nimeyageuza, mkwe asikujue gazetini kabla hujamwendea, na jibu hili nimekutangulizia kwa posta, maana ndege hawangoji gazeti),

Nimecheka, kisha nikaacha. Risasi ile ingepita vidole vinne juu ya debe, leo ungekuwa unaniandikia habari za maziko. Pole kwa hofu uliyonayo. Kwa ulimi wako sikupi pole.

Nimemuuliza kaka yangu Danieli, askari wa wanyama pori miaka kumi na miwili. Anasema risasi ndogo ndiyo inayodanganya watu. Ikigonga maji kimlalo inaruka, kama kigae watoto wanachorusha mtoni. Ikigonga jiwe, kichuguu kilichokauka au shina la mnazi, inakwenda inakotaka yenyewe. Na isipogonga kitu inapita kilomita nzima ikiwa bado na nguvu ya kuua. Wewe ulitazama ngedere. Nyuma ya ngedere hukutazama, na huko ndiko alikokuwa mama wa mkeo.

Basi sikia. Juu ya maji usipige tena maisha yako yote. Panda dungu, upige kuelekea chini, na nyuma ya mnyama pawe na ukingo wa udongo laini usio na mawe, mrefu kuliko mtu. Ngedere aliye juu ya mkorosho, nyuma yake mbingu tupu, mwache ale mabibo. Na kabla ya yote piga mluzi, kila aliye shambani akuitikie, ujue yuko wapi. Asiyeitika, mtafute kwanza.

Kuhusu uongo: mgambo wako handakini vidole kwenye bunduki, na hapo kwenu wakimbizi wanavuka mto na watoto mgongoni. Akipigwa mmoja wao, utamwambia nani kwamba ulikuwa unaona haya kwa mkwe?

Kwa hiyo leo. Bunduki iache nyumbani. Nenda na Asha, ambaye anajua siku nyingi, ukae chini mbele ya mama yake useme, "Mama, risasi ile ni yangu." Usianzie Mombasa. Atakutukana, msikilize mpaka amalize. Ukitoka hapo mpelekee Athumani bunduki na risasi zako nne kabla hajakuomba, useme mbele ya mgambo wote. Kisha shuka bondeni peke yako, wa kwanza, uamie ndege kwenye mpunga wa mkwe mpaka avune.