Jezi Namba Saba Haipo Msumarini

Masuguru,
Korogwe, Tanga.
Jumatano, 20 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Rhoda,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, wewe na shemeji Barasa na wote mlioko huko Kitale. Mgongo wako unaendeleaje? Na ile baridi ya huko, bado inakubana kifua? Sisi huku tu wazima. Wifi yako Grasiana sukari imeshuka baada ya daktari kumkataza chapati. Mbele yangu hazili. Nyuma yangu sijui.

Mama yuko Kwaluguru, mzima kabisa. Mwaka huu mahindi yamekubali. Macho ndiyo yanamsumbua, lakini masikio yake yanasikia hata yale ambayo hujayasema.

Barua hii anakuletea mwanao Clinton mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi, tena pande zote, kwa hiyo ukiikuta imefunguliwa utajua wa kumuuliza. Ningeweza kupiga simu, ila kwenye simu wewe hunipi nafasi, na jambo hili nataka ulisikie mpaka mwisho. Ukiisoma, mechi itakuwa imeshachezwa na matokeo utakuwa unayajua. Mimi hapa siyajui, basi usinicheke.

Unajua mechi ninayoisema. Jumamosi hii, Arusha, timu ya taifa ya vijana ya raga ya Tanzania inacheza na ya Kenya. Valentino wangu yuko kwetu, Clinton wako yuko kwenu. Nimeandika "kwenu", na hapo ndipo penye shida iliyonikosesha raha wiki nzima. Mtoto uliyemzaa wewe, dada yangu wa pekee, ni wetu au ni wao?

Ngoja nikueleze hali ya hapa kwanza. Watu wa Masuguru hawajawahi kukubaliana jambo lolote. Simba na Yanga wanagawana hata mabenchi kwenye kibanda cha chai cha Amne. Mwezi huu ghafla wamekuwa kitu kimoja, wote dhidi ya Kenya, na mchezo wenyewe hawaujui. Fundi baiskeli mmoja alijaribu kuonyesha jinsi mpira wa raga unavyokumbatiwa. Akachukua papai la Amne, papai likapasukia kifuani. Mwingine anabisha mpaka leo kwamba mchezo ambao mpira lazima urushwe nyuma ni mchezo wa waoga. Lakini ukitaja Kenya, wote wanasimama. Mimi watu wakipatana upesi namna hiyo huwa nashika mfuko wangu.

Na ninyi huko msijifanye malaika. Meseji zinatufikia. Tunasikia eti tutafungwa mpaka mwamuzi achoke kuhesabu, eti vijana wetu wataomba maji kabla ya filimbi. Wa hapa nao wanajibu kwamba baada ya mechi watawafundisha Kiswahili bure. Hayo ni ya mashabiki, nayaachia. Ila kwenye simu ya Grasiana niliiona picha yako, umejipaka bendera ya Kenya shavuni. Grasiana alitaka kuificha, nikawa nimeshaiona. Niliiweka moyoni.

Basi katika hali hiyo ndipo Clinton akatokea. Kocha wao alikuwa amewapa mapumziko mafupi kabla ya kuingia kambini Arusha, naye badala ya kubaki kwenu akapanda basi mpaka hapa. Hakuwa amekuja tangu akiwa mtoto wa kubebwa, leo anakuja siku chache kabla ya mechi. Nilimpokea vizuri, usiwe na wasiwasi. Grasiana alichinja. Lakini machale yalinicheza tangu alipoweka begi chini.

Kwanza, alikuwa anakubali kila kitu. Nikisema Tanzania itashinda, anasema, "Inawezekana, mjomba." Nikisema Wakenya wana maneno mengi, anacheka na kusema, "Hiyo ni kweli, mjomba." Wewe umekaa nao miaka, niambie ni Mkenya gani asiyebisha. Pili, kila alfajiri alikuwa anatoka kukimbia kandokando ya mashamba ya mkonge, akirudi hasemi amefika wapi. Tatu, na hili ndilo baya, jioni moja tukila akauliza, "Goti la Valentino lilipona?"

Rhoda, habari ya goti la Valentino, kwamba aliteleza na pikipiki akaliumiza, nilikuambia wewe peke yako. Hata pale kwa Amne hawajui. Nikamjibu kwamba goti halijawahi kuuma, na Grasiana akanikanyaga mguu chini ya meza.

Sasa sikia. Valentino alipoondoka kwenda kambini alituachia jezi yake ya zamani ya timu ya taifa, namba saba. Niliitundika sebuleni kwenye msumari, pembeni ya picha ya baba. Hakuna mgeni aliyeingia humu bila kuonyeshwa. Clinton naye nilimwonyesha, akaigusa, akasema ni nzuri. Ijumaa asubuhi aliaga kwamba anakwenda Handeni, kule Kwaluguru, kumsalimia bibi yake. Nilipotoka bafuni nikakuta msumari mtupu.

Nilikwenda kwa Amne nikiwa na nia ya kunywa chai tu, lakini uso wangu ulisema kabla yangu. Nilipoeleza, kibanda kizima kilinigeukia. Kisha Amne akaweka birika chini.

"Jezi imekwenda Handeni?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Mzee Yordani, nawe huelewi? Mwenzio kaja kikazi."

Wewe umezaliwa huku, sina haja ya kukuchorea ramani. Timu za mpira zikitaka ushindi wa uhakika zina watu wao wanaoitwa kamati ya ufundi, na kamati hiyo haifundishi mtu kupiga pasi. Inapanda basi kwenda Handeni kwa waganga, na ikiweza kupata nguo yenye jasho la mchezaji wa upande wa pili, kazi inakuwa nyepesi. Pale kwa Amne hakukuwa na mjadala. Mkenya amechukua jezi ya binamu yake ili akalifunge goti lile lile alilokuwa analiulizia. Yule wa papai akasema tangu mwanzo alimwona kijana ana macho ya kuhesabu watu.

Siku nyingine ningewacheka. Siku hiyo niliona wamenisemea yaliyokuwa moyoni. Nilipanda basi la Handeni na nguo nilizovaa. Nilipofika stendi nilimkuta Paulo wa bodaboda, akaniambia amempeleka kijana mrefu mwenye begi, akamshusha pale njia inapokata kwenda kwa mganga. Nikapanda pikipiki yake hapo hapo. Njia hiyo hiyo ndiyo ya kwenda kwa mama, nimeipita tangu naanza kutembea, lakini siku hiyo akili yangu haikutaka kulijua hilo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia, na mengine nilipanga ya kukuandikia wewe. Bahati yako sikuwa na kalamu.

Nikamkuta uani kwa mama. Amekaa juu ya kinu kilicholazwa, miguu imezama kwenye magunzi, anapukuchua mahindi kwa mikono mitupu. Na jezi amevaa. Mchezaji wa Kenya, ndani ya Kwaluguru, amevaa namba saba ya Tanzania, mgongo umelowa jasho. Wenzake wa kambini wangemwona sijui wangemfanya nini.

"Shikamoo, mjomba," akasema, akasimama.

Sikuitikia. Nikamwambia, "Jezi ya mwanangu umeichukua kwa ruhusa ya nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Akasema, "Lakini mjomba, ni kwako."

"Kwa hiyo?"

"Mama aliniambia nikifika kwa mjomba nichukue kitu ninachokipenda, na nisiombe. Alisema nikiomba nitakuwa nimejifanya mgeni."

Rhoda, nilisimama pale nisijue pa kuweka mikono.

Mama alikuwa barazani, na nilidhani amesinzia. Alianza kucheka taratibu, kicheko kile cha kutikisa mabega, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Akaniita kwa jina langu la utotoni mbele ya kijana na mbele ya Paulo. Akasema, "Umepanda gari kutoka Korogwe kuja kumshika mtoto wa dada yako kwa wizi?"

Mila hiyo naijua, nimekulia humo. Mimi mwenyewe nilichukua jembe la mjomba wetu mbele ya macho yake na akaitikia kwa kunitafutia mpini. Kwetu Uzigua mtoto ni wa upande wa mama, na nyumba ya mjomba ni yake, akiona kitu anabeba. Lakini tangu uolewe sijawahi kuwa na mpwa wa kunichukulia hata kijiko. Nyumba yangu haijaguswa. Nikasahau kwamba kuna mtu duniani mwenye haki ya kuniibia.

Mama akanihukumu hapo hapo. Mjomba anayemwita mpwa wake mwizi analipa kuku, na kuku analiwa na mpwa. Nikajitetea kwamba sikulitamka neno mwizi. Akasema alilisikia tangu pikipiki ilipokata kona. Nimelipa jogoo, na amekula yeye na Clinton. Mimi nilipewa ugali na mlenda, na Paulo akapewa kipapatio kwa sababu alikuwa shahidi.

Tulipomaliza kula mama alimshika Clinton mkono, akaupapasa mpaka kwenye bega, akasema baba yetu alikuwa na bega hilo hilo. Nikakumbuka baba mwenyewe aliletwa kambi ya mkonge akiwa mgongoni, mtoto wa manamba, wale vibarua walioletwa kutoka mbali, na mpaka anakufa walikuwapo waliomwita mtu wa kuja. Sisi wanawe hakuna aliyetuuliza ni wa wapi, kwa sababu mama ni wa Kwaluguru, basi. Mimi mtoto wa mtu wa kuja ndiye niliyekuwa namuuliza mwanao ni wa nani. Niliona aibu, na nakuandikia kwamba niliona aibu.

Nilikuwa nikidhani umetuacha. Nakuambia wazi. Ile bendera shavuni niliisoma vibaya, kumbe jikoni kwako Kitale ulikuwa unamfundisha kijana mambo ambayo hata Valentino wangu sijamfundisha. Ulianza lini? Mbona hukuniambia?

Lakini usifikiri nimelala. La goti bado sijalifuta. Nilikuambia wewe, ukamwambia yeye, na yeye atakaa kwenye basi moja na wachezaji wenzake wa Kenya. Clinton ameapa kwamba hajamwambia mtu. Nimemwamini nusu. Jumamosi nitakuwa uwanjani, na Mkenya yeyote atakayelilenga goti lile la kushoto, nitajua habari ilipitia mlango gani, na huo mlango nitaugonga.

Pale kwa Amne nimerudi na ukweli wote. Hawakuupenda. Walishazoea kuwa na jasusi, na sasa wamebaki na mpwa wa Mzee Yordani. Amne amemkubali kwa masharti. Anasema akifunga upande wa Kenya atapewa chai bila maziwa. Yule wa papai bado anasema macho ni ya kuhesabu watu.

Grasiana alitaka kutundika kalenda kwenye ule msumari. Nimemkatalia. Ukae vile vile mtupu, na mgeni akiingia nitamwonyesha.

Nisalimie sana shemeji Barasa, mwambie ile ahadi ya kuja Korogwe naisubiri. Msalimie binti yako Angel, asome kwa bidii, na ajue kwamba naye ana mjomba. Mama anakusalimu na kukuombea kwa sala zake, na mimi kwa zangu. Mungu awaweke, awape afya na amani nyumbani, awarudishe watoto hawa wawili kutoka uwanjani na viungo vyao vyote.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ninapokutilia shaka,

Yordani Mdoe

Nimebandua gundi ili niongeze hili. Clinton alirudi asubuhi kutoka kwa bibi yake ili aage, sasa yuko nje na wifi yako wanasubiri bodaboda ya kumpeleka stendi. Nimeingia sebuleni kutafuta kofia yangu ya kijani na njano, ile niliyoinunua kwa ajili ya Arusha. Haipo mlangoni ilipokuwa, na begi la kijana limetuna kuliko lilivyokuwa asubuhi. Sijauliza. Jumamosi nitakaa juani kichwa wazi.