Gari Lililokaa Matanga

Baba,

Gari limewaka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza mama anaendeleaje. Mama hajambo. Miguu inamvimba jioni, lakini anakula. Sasa turudi kwenye gari, maana nina hasira na wewe.

Hukuacha neno. Una mke, una mdogo wako anayejua kusema mbele za watu, una binti ambaye nusu ya hilo gari ilinunuliwa kwa maharage yake. Homa ikakulaza Jumatatu, Alhamisi umeondoka, na hukusema ufunguo ashike nani. Tuliporudi makaburini Baba mdogo aliuchukua pale ukutani kwenye msumari wake, akautia kwenye mfuko wa koti. Nilidhani anautunza tu.

Majembe yakaegemezwa nyuma ya nyumba yasilime wakati wa msiba, kama inavyotakiwa kwetu. Hilo sikulipinga. Lakini Baba mdogo alikwenda mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akasema, "Na hili nalo lina msiba. Mwenyewe ameondoka, lipumzike." Watu wakaitikia. Walikuwa wanalia, siku ile angesema kuku wasitage wangeitikia.

Mimi nikasema gari si jembe. Jembe likilala linaamka jembe. Gari lina dizeli tumboni, na ile ya mwisho uliinunua kwenye madumu, njia ya Manyovu, nikakuambia ina maji ukaniambia nina maneno mengi. Nikaomba niliwashe robo saa kila Jumamosi, hapo hapo lilipo, bila kulisogeza. Baba mdogo akanitazama kama nimeomba kupiga ngoma. "Ee Daforoza, na majembe tuyatoe yakaote jua kidogo?" Shangazi zangu walicheka huku wanafuta machozi.

Majembe yalirudi shambani baada ya wiki. Gari halikurudi. Gari, akasema, ni kitu cha marehemu mwenyewe, lingoje mpaka tuondoe msiba mkubwa. Mvua zote za masika zikalinyeshea. Nilikuwa nakodi pikapu za watu kusomba maharage kutoka Rungwe Mpya hadi Kasulu, gunia nne hapa, sita pale, na kila nikipita uani nalikuta limekaa, matairi yanazama kwenye tope. Nililiona linakufa, Baba. Wewe tulikuzika mara moja. Lile nililizika kila nilipopita.

Siku ya kuondoa msiba watu walijaa. Tukasali, tukala, pombe ikazunguka. Baba mdogo akatoa ufunguo, akakaa kwenye kiti chako, akawasha. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akarudia mpaka betri ikaishiwa nguvu. Akashuka, akafunga mlango polepole, akasema, "Kaka amekataa."

Na wote wakanigeukia mimi.

Unajua kwa nini. Hukuwahi kunipa usukani. Udereva nilijifunzia Kibondo, kwenye lori la mfanyabiashara niliyempimia mahindi, wakati wewe unawafundisha watoto wa shangazi. Mara moja tu ulipanda nikiendesha, siku ile mkono wako ulipoteguka. Kutoka Kasulu mpaka nyumbani ulishika kile kishikio cha mlangoni kwa mkono mzima. Tulipofika ukashuka ukasema, "Kule mlimani ulichelewa gia." Basi. Sasa Baba mdogo alikuwa amesema umekataa. Ningewaambia nini? Kwamba ulikubali lini?

Mnunuzi alikwisha kuja kulitazama, mtu wa kukata magari na kuuza vipande. Nikasimama katikati ya wanaume nikasema: nipeni mpaka Jumapili ijayo, baada ya ibada. Lisipowaka mbele yenu, mliuze, sitafungua mdomo. Baba mdogo hakuwa na ubaya. Alisema kwa upole, "Mwanangu, usishindane na marehemu."

Fundi Zabroni alikuja toka mjini, akafungua pampu ya dizeli. Maji yaliingia, kutu ikala chuma cha ndani, kikakwama kama jino. "Hii imekufa kwa kulala, dada," akasema. Haitengenezeki. Na pampu mpya ya kampuni iliyounda gari, ukitaja bei yake mbele ya pikapu yako, pikapu inaona aibu. Ilibaki mtumba au mpya isiyo ya kampuni, na nyingine katika hizo ni pampu kwa sura tu. Nilijua jambo moja: nikikosea, ikafa baada ya mwezi, hakuna atakayemlaumu muuza spea. Watasema ni wewe.

Jumanne nilipanda basi kwenda Kibondo, pampu yetu iliyokufa nimeipakata kwenye kiroba, inanuka, watu wanasogea mbali nami. Kijana wa mitumba alinitolea moja safi, imetoka kwenye gari la volti ishirini na nne. Letu ni kumi na mbili. "Tutachezea waya kidogo, mama, itakubali." Nikamwambia achezee la kwake.

Jumatano nikawa dukani kwa Mzee Sudi, Kasulu. Yule yule ambaye kila ukienda kununua filta anakuhadithia Tanga mpaka unasahau filta. Alinipa pole kwanza, kwa mikono miwili. Kisha akaleta boksi. Mpya, inang'aa. "Bibie, funga usahau." Nikaiweka sambamba na ile yetu juu ya kaunta. Matundu ya boliti sawa. Gia sawa. Juu yake ina kikofia cha duara ambacho yetu haina, na namba zinakwenda sawasawa mpaka tarakimu mbili za mwisho. Nikampigia Zabroni simu. Akasema hiyo ni ya injini yenye tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa. Yetu haina tabo.

"Sasa haitawaka?"

"Kuwaka itawaka. Itawaka vizuri sana. Ila itamwaga dizeli kuliko injini inavyoweza kula. Moshi mweusi, joto, na ule mlima wenu wa Rungwe Mpya na mzigo wa tani, kabla mwaka haujaisha umepasua injini."

Umesikia hapo, Baba? Itawaka. Jumapili, mbele ya Baba mdogo, mbele ya shangazi wote. Ningepewa ufunguo siku hiyo hiyo. Yenye namba sahihi Mzee Sudi alikuwa hana. Iagizwe Dar, ije kwa basi, labda Jumamosi, labda Jumatatu. Jumatatu mnunuzi angekuwa ameshaliondoa.

Nilikaa kwenye benchi la duka lile mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mzee Sudi akaenda msikitini akaniacha na mabegi ya spea kama mlinzi. Nilikuwa nakuuliza wewe. Hukujibu, kama kawaida yako. Hesabu ndiyo iliyojibu: nikichukua hii, nashinda Jumapili, halafu kila siku itakayofuata napanda ule mlima nikiwa na uongo chini ya boneti. Aliporudi nikamwambia, agiza ile yenye namba zetu. Na ikifika niifungue mbele yako kabla sijalipa. Akacheka. "Baba yako alikuwa anang'ata maharage kuyapima, wewe utang'ata chuma."

Jumamosi basi halikuleta kitu. Jumapili sikwenda ibada, mama alikasirika. Basi lilifika Kasulu saa tatu, konda ananirushia boksi dirishani. Nikalifungulia dukani: bila kikofia, tarakimu mbili za mwisho nikazigusa kwa kidole. Zabroni alikuwa amelala chini ya boneti watu walipoanza kutoka kanisani, wamevaa vizuri, wanajipanga uani kama kuna maziko mengine.

Betri ilikuwa imechajiwa, ufunguo nimeazimwa na Baba mdogo. Nikakaa kwenye kiti chako. Baba mdogo alikuwa amesimama mbele kabisa, mikono nyuma. Nikawasha. Likazunguka. Halikushika. Nikarudia. Halikushika. Nikamsikia shangazi nyuma, akilalama taratibu, "Amekataa tena, dawe wee." Zabroni hakuinua hata kichwa. "Lina upepo kwenye mabomba. Subiri." Akabonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka ikawa ngumu, akalegeza nati za mabomba moja moja, povu likatoka, likatoka, kisha dizeli tupu. Akakaza. "Sasa."

Likashika. Likakohoa mara moja, likatulia, likaunguruma ule mlio wako wa alfajiri. Moshi mweupe kidogo, kisha hakuna.

Walipiga vigelegele. "Amekubali! Mzee amekubali!" Baba mdogo alikuja dirishani, machozi mpaka kwenye kola, akanishika bega. Ukumbuke, ni yeye uliyembeba mgongoni mkivuka mpaka wa nchi akiwa mdogo. Akanipa na ufunguo wa akiba aliokuwa ameushika muda wote, maana wa kwanza ulikuwa kwenye swichi. "Umeona? Kaka amekubali."

Nilitaka kumwambia hapana. Hukukataa na hukukubali. Ni namba sahihi, na upepo uliotoka. Nilitaka kumwambia kwamba kama boksi lingekuja Jumatatu ningeonekana nimelaaniwa kwa sababu ya basi. Maneno yalifika mdomoni. Lakini alikuwa analia, na mimi nikagundua kwamba ningependa sana iwe kweli. Nikasema, "Nimeona, Baba mdogo." Hiyo uniwie radhi. Au usiniwie, maana neno lilikuwa lako, ungelitoa mapema.

Hivi ninavyoandika maji ya filta nayatoa kila wiki kwa ile koki ya chini. Dizeli ya madumu sinunui. Na nimewaambia wote, mama shahidi, Baba mdogo shahidi: siku nitakayokufa mimi majembe yalale yatakavyo, lakini gari liwashwe siku hiyo hiyo. Hilo nakuahidi, hakuna kitu changu kitakachooza kwa kunililia.

Lala salama, Baba. Jana nilipanda na gunia kumi, nikapita makaburini bila kusimama, maana pale ni mlimani, ukisimama na mzigo huondoki.

Gia nilibadilisha mapema.

Binti yako,
Daforoza