Sura Ambayo Haimo Kitabuni

Shoga, nivumilie, nakuandikia haraka haraka kwenye simu.

Tumetoka kwa yule mshauri wa ndoa anayetibu watu kwa riwaya. Si alitupa ile ya mume mwenye wivu, kila mtu aisome kivyake, halafu amsimulie mwenzake?

Leo ilikuwa zamu ya mume wangu. Mtu ambaye hata maelezo ya dawa hasomi! Akasimulia kwa upole, mpaka mshauri akawa anatabasamu.

Halafu akasema, "Mke akapakia nguo zake kwenye begi la bluu, akalificha kwa rafiki yake, chini ya kitanda."

Begi la bluu, shoga. Chini ya kitanda chako!

Mshauri akapekua kurasa. "Samahani baba, hilo halimo humu."

Wala hakumtazama mshauri. Alinitazama mimi. "Halimo? Basi nitakuwa nimelisoma kwingine."

Njia nzima ameendesha gari huku anapiga mluzi. Sasa yuko sebuleni, mimi nimejifungia bafuni najiuliza amelisoma wapi. Sijamwambia mtu habari za begi, hata mama. Nilikuandikia wewe tu.

Nilikuandikia humu.

Shoga, usijibu.