Nenosiri la Munyiva

Jumanne, 4 Novemba 2025
Mvua imenyesha Mwala, ndengu zimechipuka, na mimi sina raha. Majibu ya binti yangu Munyiva yametoka: uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Daktari wa Nairobi anataka kuona picha za skani kabla hajasema lolote. Na Jumamosi ndiyo ntheo — mchumba wake Muli analeta mbuzi wa posa! Munyiva ameniapisha: mtu asijue mpaka amwambie Muli yeye mwenyewe. Hapa kwetu ukisikika una uvimbe, kesho umeshaitwa tasa.

Jumatano, 5 Novemba
Mungu ambariki Wagaki, rafiki anayekaa na Munyiva kule Syokimau! Amezifungia picha zote na majibu mtandaoni, akanitumia linki nimpelekee daktari, maana mgonjwa mwenyewe amelala hapa kwangu na maumivu. Nenosiri hakuliandika. Alinipigia, nikalirudia mara tatu kama mtoto wa katekisimu.
"Mama, linki ni mlango, nenosiri ni ufunguo. Usivipandishe boda moja."
Eti hata wenye huo mtandao hawawezi kuchungulia ndani bila nenosiri. Sijui wanafanyaje. Nashukuru tu.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimefanya nini mimi!
Linki nilimtumia daktari. Halafu nikaituma kwenye kikundi cha maombi. Ndiyo. Mimi, kwa mkono wangu: "Wapendwa, mwombeeni binti yangu." Jambo likienda kwa daktari lazima liende na kwa maombi, ndivyo tulivyozoea. Mazoea yana taabu. Wanawake wa kanisa lote — na mama yake Muli yumo!
Mukai akaandika wa kwanza: "Dada, hii kitu inaitisha password." Mwingine: "Tuma basi, tuombe tukijua."
Nikampigia Wagaki nikilia. Hakunigombeza. "Tulia, Mama. Naizima saa hii." Akaizima palepale, akatengeneza nyingine ya daktari peke yake. Ameangalia kwake: hakuna aliyefungua. Hata mmoja!
Nilimshukuru mpaka Kiswahili kikaniishia, nikaendelea kwa Kikamba. Mkikuyu wa watu akaitikia tu.

Ijumaa, 7 Novemba
Daktari amepiga. Uvimbe utatolewa. Kuzaa kunawezekana, tena sana, ila hawezi kuapa. Munyiva amekula sahani nzima! Kisha akamwomba Wagaki linki ya tatu. Ya Muli.

Jumamosi, 8 Novemba
Wageni wamefika. Mama Muli ameingia na swali mdomoni: ile kitu ilikataa kufunguka ilikuwa nini? Nikamwambia karibu chai, nikakimbilia jikoni. Ndiko ninakoandikia.
Linki Munyiva alimtumia Muli asubuhi. Nenosiri alisema atampa kwa mdomo, wakitazamana. Wako nje sasa, kando ya pikapu. Mbuzi bado wako juu. Nimemwona Munyiva akimnong'oneza. Muli anasoma.
Bado anasoma.
Mungu wangu, asante. Liwalo na liwe, habari ameipata kwa Munyiva, si kikundini.
Mama Muli anauliza kama chai imeenda kuchumwa Kericho. Aningoje!
Muli ametia simu mfukoni. Amepanda pikapu, ameshika kamba ya mbuzi wa kwanza, anamwita Munyiva ampokee —