Makaburi Matatu Kando ya Reli

Mgodini, Geita

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepoa, au bado unakohoa? Mimi nala na kazini naenda, ila moyo haujatulia tangu nirudi kutoka kule ulikonituma, kutafuta kaburi la baba.

Nilishuka Shinyanga nikafuata reli kwa miguu. Mama, kambi yetu ya genge la mafundi wa reli haipo tena. Nyumba za bati zimeng'olewa, tangi la maji limehamishwa, na pale jikoni kwako wanalisha ng'ombe. Treni inapita bila hata kupunguza mwendo. Niliumia sana.

Nyuma ya kisima nikakuta makaburi matatu yamezama kichakani, kila moja lina kipande cha taruma la chuma, lile la kulaza reli, jina hakuna. Nikaona aibu, mwana mzima mimi, baba amelala vile. Nikaazima panga, nikafyeka kila kitu mpaka pakawa peupe. Nikajiona nimefanya la maana!

Ndipo akatokea Mama Kashindye, jirani yetu wa kambini, ambaye sasa analima karibu na hapo. Akashika kichwa.

"Ng'wanone, mwanangu, umefanya nini? Sisi wake wa genge hatukujua kuandika. Kila mjane alipanda mti wake kichwani kwa mumewe, apate kumjua. Wewe umeikata yote!"

"Mama yangu alipanda upi?"

"Sikumbuki, ng'wanone."

Nisamehe, Mama. Niandikie upesi ulipanda nini. Visiki vimebaki, huenda mvua ikinyesha vikachipua. Lakini niliogopa, maana eneo lile limegawiwa kwa mashamba ya pamba. Mwanangwa, mkuu wa kijiji, alikuja kunionya kwamba kaburi lenye mwenyewe halitaguswa, mengine yatalimwa. Akataka nimwonyeshe la baba palepale. Ningekosea, jembe lingepita juu yake.

Msalimie dada Mwajuma na wanawe. Baba mdogo Hamisi, anayechukia uongo, mwambie mapema asije akasikia kwa wengine: nilimjibu mwanangwa kwamba yote matatu ni ya baba yangu.

"Mtu mmoja ana baba watatu?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Mama, wewe unajua: pale kambini kila mwanamume wa genge nilimwita baba, na kila mmoja aliitika.

Ni mimi mwanao,
Ramadhani